Deni Nililipa 2019, Nyumba Nikanyimwa 2025: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu na Wakuu wa CRB

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya,
Kwa wakuu wa mashirika yenye leseni ya kutunza taarifa za wakopaji, ambayo sisi raia huyaita CRB kana kwamba ni mtu mmoja,
Na kwa wabunge wa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa,

Salamu kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kaunti ya Nakuru. Mwaka wa 2025 nilinyimwa mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 2.4 kwa sababu ya deni la shilingi 3,000. Deni lenyewe nililipa tarehe 11 Juni 2019, saa moja na nusu jioni, kwa M-Pesa, nikiwa nimesimama kando ya kibanda cha ajenti huku mvua inanyesha.

Nianze na kosa langu, maana najua hilo ndilo swali mtakaloniuliza kwanza.

Desemba 2018 nilikopa shilingi 3,000 kwenye programu ya simu. Njaanuari ya mwalimu mnaijua: mshahara wa Desemba umekwisha kabla ya mwaka kugeuka, na mtoto anatakiwa afike shuleni na sare mpya, viatu na rimu mbili za karatasi. Zilizoingia kwenye simu zilikuwa 2,550. Zile 450 zilikatwa hapo hapo, zikaitwa ada ya huduma. Nilitakiwa kurudisha 3,000 kamili ndani ya siku 30.

Wiki ya pili ya Januari simu ikaibwa steji. Kitambulisho nilikuwa nimekichomeka nyuma ya simu, ndani ya kava, kama tulivyozoea wengi tusiofundishika. Bila kitambulisho hurudishiwi laini, na bila laini huwezi hata kujua unadaiwa ngapi. Polisi, Huduma Centre, foleni, njoo wiki ijayo. Laini iliporudi, mwezi wa Machi ulikuwa unaelekea ukingoni. Kuanzia hapo sina udhuru. Nilijua nadaiwa, nikawa najiambia mwisho wa mwezi huu, mara mwisho wa mwezi ujao. Wenye programu walimpigia mwalimu mkuu wangu. Walimpigia shemeji yangu, ambaye hakunidhamini popote, ila namba yake ilikuwa kwenye simu yangu. (Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022 zilipiga marufuku mchezo huo, na kwa hilo asanteni.) Aibu ndiyo iliyonisukuma. Juni nikalipa yote pamoja na malimbikizo: shilingi 4,140.

Ujumbe wa M-Pesa ulipoingia niliunakili kwenye daftari la mraba, lile la hesabu, kwa sababu nilikwisha kujifunza kwamba simu huibwa. Namba ya muamala inaanza na herufi NF. Kwa namba hiyo, yeyote mwenye idhini anaweza kuona pesa zilitoka kwa nani, zikaenda kwa nani, saa ngapi.

Basi nilichelewa kama miezi mitano. Anayetaka kuandika kwamba mwalimu huyu alichelewa miezi mitano mwaka wa 2019 aandike, ni kweli na sitabisha. Ila walichoandika ni kwamba sijalipa mpaka leo.

Niligundua kwenye Sacco yetu, ambako nimekuwa mwanachama kwa miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimepata nyumba upande wa Lanet: vyumba viwili, tangi la maji, mparachichi nyuma ya jikoni. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu kazi ya reli, na alitaka kurudi nyumbani kwao Magharibi. Wadhamini nilikuwa nao, hati ya mshahara nilikuwa nayo, mthamini alikwisha kuja akapima na kulipwa. Afisa wa mikopo akafungua kompyuta yake, akaitazama kidogo, halafu akasogeza kiti karibu yangu. "Mwalimu, uko CRB." Yaani niko kwenye orodha ya wasiolipa. Alisema kwa sauti ya chini, jinsi watu wanavyotaja ugonjwa wa jirani.

Mnaweza kuuliza nilikuwa wapi miaka sita. Nilikuwa nakopa kwa Sacco hiyo hiyo mikopo midogo ya karo na ya dharura, ambayo dhamana yake ni akiba yangu na majina ya wenzangu, na hakuna aliyewahi kunichungulia huko. Kanuni zinamtaka mkopeshaji akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako. Kama ilitumwa, ilitumwa kwa simu iliyokuwa mikononi mwa mwizi. Kanuni pia zinanipa haki ya kupata taarifa yangu bure mara moja kwa mwaka, na hiyo sikuitumia hata siku moja. Nani huenda kuuliza kama anadaiwa, na yeye anajua alilipa?

Nikaanza safari ya kujisafisha, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize kwa makini, maana nia yangu si kulia. Nataka mwone mahali bomba linapovuja.

Nilikwenda kwanza kwa aliyenikopesha. Programu haipo tena. Namba ya huduma kwa wateja hailii. Nikapanda gari hadi Nairobi, kwenye jengo lililoandikwa katika ujumbe wao wa zamani. Askari wa lango akaniambia hao walihama wakati wa korona. Ofisi yao sasa ni saluni. Nikaenda kwa shirika la taarifa za mikopo. Msichana wa kaunta alinipokea vizuri, nikampa daftari langu, akasoma ile namba ya NF yote mpaka mwisho. Kisha akanirudishia. Akasema wao hawaandiki habari za mtu, wanatunza walicholetewa, na aliyeleta ndiye anayetakiwa kurekebisha. Nikamwambia aliyeleta hayupo. Akanyamaza. Nadhani hakuwa ameniwekea jibu la hapo kwa sababu hata yeye hakuwekewa.

Baadaye nikaelewa. Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina CRB, ikasema pia deni lisilofika shilingi 1,000 lisimchafue mtu. Ulikuwa uamuzi mzuri. Watu walikuwa wanachafuliwa kwa mia mbili. Lakini mlango ulipofungwa, ulifungwa kwa pande zote mbili. Yule ambaye hawezi tena kunichafua ndiye huyo huyo aliyekuwa na uwezo wa kunisafisha, na uwezo huo ukaondoka naye. Jina langu likabaki ndani kama nguo iliyoachwa kwa dobi aliyehama.

Kuna la pili, nalo lilinichukua wiki nzima kuliamini. Kanuni zinasema taarifa mbaya hukaa kwenye rekodi miaka mitano baada ya deni kulipwa, kisha hufutwa. Nikapiga hesabu: nililipa Juni 2019, basi kufikia Juni 2024 ningekuwa huru hata bila kwenda popote. Sivyo. Miaka mitano inaanza kuhesabiwa deni linapoandikwa kuwa limelipwa. Langu halijaandikwa, kwa hiyo hata siku ya kwanza haijafika. Aliyelipa miezi mitano baada yangu, ila kwa benki inayojua kuandika, alikwisha kusahaulika zamani. Mimi kwa hesabu za kompyuta nitakuwa mdaiwa siku ya kustaafu.

Nisieleweke vibaya. Sitaki CRB ifutwe, na wanasiasa wanaotuahidi hivyo kila uchaguzi ukikaribia sijawahi kuwapigia makofi. Mimi mwenyewe ni mdhamini. Mwaka wa 2016 nilikatwa mshahara miezi tisa kwa deni la mwalimu mwenzangu aliyehamia kaunti nyingine akatuachia mzigo wadhamini wanne. Kama wakati ule ningeweza kuona rekodi yake, nisingetia sahihi. Rekodi ni kitu kizuri. Lakini rekodi inayopokea mabaya kwa kompyuta, usiku kwa usiku, na mazuri mpaka mtu apande gari kwenda Nairobi na daftari mkononi, hiyo haitunzi taarifa za mikopo. Inatunza nusu yake.

Mtasema Benki Kuu imekwisha kuwahurumia wakopaji. Kweli, Novemba 2022 ulitangazwa mpango wa kurekebisha rekodi: benki na taasisi ndogo za fedha zikatakiwa kusamehe angalau nusu ya mikopo ya simu ya siku 30 au chini yake iliyokuwa imekwama, aliyekubali kulipa iliyobaki akapewa hadi mwisho wa Mei 2023, na jina lake likahamishwa upande wa wanaolipa. Iliyoguswa ni mikopo ya takriban shilingi bilioni 30, na zaidi ya watu milioni nne. Ndugu yangu mmoja alifaidika. Alikuwa anadaiwa 6,000 na benki, akalipa 3,000, rekodi ikawa safi. Mimi niliyelipa 4,140 kwa deni la 3,000 sikuhusika, kwanza kwa sababu aliyenikopesha hakuwa benki, pili kwa sababu sikuwa na deni la kusamehewa. Sisemi kwa wivu. Haya, nasema kwa wivu kidogo.

Sasa tuje kwenye nyumba, maana ndiko haya yote yanakoumiza.

Kila mwezi hati yangu ya mshahara inakatwa asilimia 1.5, ushuru wa nyumba, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Naipita miradi ile, naiona inapanda ghorofa baada ya ghorofa, na sina kinyongo nayo. Sacco yetu nayo inakopesha kwa fedha za Kampuni ya Kenya ya Ufadhili wa Mikopo ya Nyumba, ile KMRC, iliyoundwa makusudi ili mtu wa mshahara wangu apate mkopo wa miaka mingi kwa riba ya tarakimu moja. Kwa hiyo serikali imenikata pesa ili nipate nyumba, imeunda kampuni ili nipate mkopo, halafu mlangoni imeniwekea mlinzi anayesoma karatasi ya mwaka wa 2019 ambayo hakuna mtu aliye hai anayeweza kuirekebisha.

Benki moja ilikuwa tayari kunisikiliza, kwa asilimia 15. Hapa naomba mkae na mimi kwenye hesabu, ndiyo kazi yangu. Milioni 2.4 kwa miaka 20, riba ya asilimia 9.5 niliyokuwa nimeahidiwa Sacco, inalipwa kama shilingi 22,370 kwa mwezi. Pesa hizo hizo kwa asilimia 15 ni 31,600. Tofauti ni elfu tisa na mia mbili na kitu kila mwezi, kwa miezi 240. Jumlisheni: inapita milioni 2.2. Karibu nyumba ya pili, mparachichi na vyote, ingelipwa na tofauti hiyo. Na siku zinavyokwenda rekodi itazidi kuwa na uzito, kwa sababu tangu 2025 mmezielekeza benki zipange riba kwa kuanzia kiwango kimoja cha pamoja, KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hukopeshana kwa usiku mmoja, kisha kila benki iongeze chake kulingana na hatari ya mteja. Ni sawa, mlipaji mzuri alipe kidogo. Lakini hatari ya mteja inasomwa kutoka kwenye rekodi hizi hizi. Mkipima kwa mizani iliyopinda, bei yote inapinda nayo.

Wakati nahangaika, walinijia wasafishaji. Mnawajua, wako kwenye kila kikundi cha walimu na cha bodaboda: "Toka CRB ndani ya saa 24, tuma 1,500." Mwenzangu wa darasa la nne alituma kwa ajili ya mkewe. Akaletewa cheti chenye nembo na muhuri, rangi zote, mkewe akakipeleka kwenye mahojiano ya kazi, kikaonekana ni cha kughushi. Anayetakiwa kuona haya hapo ni nani? Cheti halali cha kuonyesha huna deni kilikuwa kinauzwa shilingi 2,200, na mnastahili sifa kwa kuagiza mwaka wa 2020 kwamba cha kwanza kitolewe bure. Lakini cheti cha bure hakimfai mtu ambaye kompyuta inasema bado anadaiwa. Wasafishaji wanakula pale ambapo dirisha halali limefungwa.

Ninachoomba hakihitaji sheria ndefu.

Mkopeshaji aliyeweza kupeleka jina langu bila mimi kuandika barua apeleke malipo yangu vivyo hivyo, bila mimi kuandika barua. Akichelewa atozwe faini ya kila siku, na faini hiyo iende kwa mteja, si kwa hazina ya serikali. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, wanatutoza shilingi 5,000 kwa kila mwezi tunaochelewa. Tunajua basi kwamba nchi hii inaweza kuhesabu siku ikitaka.

Mkopeshaji aliyefunga ofisi, aliyenyang'anywa ruhusa, au ambaye hajapata leseni tangu kanuni za 2022, aondoke na taarifa zake. Kama hawezi kuulizwa, neno lake lisibaki likinihukumu. Mahakamani shahidi asiyeweza kuhojiwa tunajua anavyochukuliwa.

Pale mteja anapoleta namba ya muamala, shirika la taarifa liikague lenyewe. Haki ya kupinga taarifa ipo kwenye kanuni, nami nimejaza fomu yake. Mkopeshaji asipojibu, jina lifutwe, na jambo hilo litendeke pale pale kaunta, bila mteja kuja na wakili. M-Pesa ya nchi hii ina kumbukumbu ya kila shilingi inayohama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Haiwezekani iwe ushahidi wa kunidai isiwe ushahidi wa kwamba nimelipa.

Na ile miaka mitano ihesabiwe tangu siku pesa zilipotoka mfukoni mwa mtu. Hili ndilo dogo kuliko yote, ni sentensi moja kwenye kanuni, na ndilo litakalowagusa wengi. Wapo mafundi, wapo mama mboga, wapo vijana waliomaliza chuo ambao wamelipa vijideni vyao vya 2017 na 2018 na hawajui saa yao haijaanza kugonga. Watajua siku watakapoketi mbele ya afisa wa mikopo na yule afisa asogeze kiti.

Waheshimiwa wabunge, kwenu nina neno moja tu la pembeni. Mkijadili nyumba za bei nafuu mnajadili saruji, vyuma na ardhi. Ulizeni siku moja ni wangapi waliokatwa ushuru huo watakaoweza kupita kaunta ya mkopo.

Mzee wa reli alinivumilia miezi mitatu. Alinipigia mwenyewe, mtu wa heshima, akaniambia, "Mwanangu, nimesubiri, lakini lori la kuhama nimeshalilipia." Ile nyumba ameichukua mtu mwingine. Mthamini hakurudisha ada yake, wala simlaumu.

Bado naishi nyumba ya kupanga. Bado natafuta, na Sacco imesema faili langu halijafungwa, liko pembeni tu mpaka CRB iwe safi. Daftari ninalo. Ukurasa ule nimeufunika kwa nailoni ili wino usififie, na namba ya NF inasomeka yote. Niambieni niulete dirisha lipi.

Wenu,
Mwalimu, Nakuru